Dakika Tano za Kukomboa Banc ya Mama Agathe

Communiqué, tangazo moja, ilifika ku simu ya rafiki yetu Sukari saa tatu ya asubui, tukiwa tunangojea kahawa ya kwanza itoke ku moto, pale ku kona ya Nyamianda, mutaa yetu ya Uvira, fasi Mama Agathe anauzishaka. Sukari akasimama, akakohoa kama muntu wa radio, akasoma:

— «Watu wa Kavimvira, na uchungu mwingi, wanatangazia ndugu na marafiki kifo cha équipe ya Nyamianda, kilitokea jana saa kumi mu muchezo ya parachuti. Marehemu aliishi dakika moja na segonde makumi tano na mbili. Hakuacha mujane, hakuacha mutoto, hakuacha hata sasi moja ya bunduki. Kilio haiko, kwa sababu maiti haziyaonekana zote. Mumoja iko mu maji, mumoja iko mu mulima, wengine tunatafuta.»

Kwa ule hajue: ni muchezo ya simu. Équipe, ni kusema timu, za watu ine-ine wanapanda ndege moja, wanaruka na parachuti ku kisanga fulani, kisiwa kati ya maji, kila mutu anaanguka mikono mitupu, anakimbia mu manyumba kutafuta bunduki. Équipe yenye kubakia hai njo inashinda. Kavimvira ni mutaa ingine ya Uvira, na équipe yao njo ilitushinda. Équipe yetu haiyafikaka ku mwisho. Haiyafikaka hata ku bunduki.

— Imeisha? GPS akauliza. GPS ni Toussaint, motard, muendesha pikipiki, kapiteni wetu. Tulimuweka kapiteni kwa sababu anajua barabara zote za Uvira na hata zile hazina jina.

— Iko N.B., Sukari akasema, sauti ikashuka.

— Acha N.B.

— «N.B. Banc tutaikamata leo saa tano.»

Tulikuwa tumeikalia: mbao moja ya mita tatu, miguu sita, imelainika na matako ya Nyamianda miaka makumi mbili na tano. Mama Agathe alikuwa ameinama anapuliza moto. Akaacha kupuliza.

— Banc gani?

Diacre, jina yake ya kweli Ezéchiel, anaimbaka mu chorale, akaanza kutazama mawingu.

— Nimeuliza banc gani.

— Mama, GPS akasema, jana kisha kushindwa, hasira ilinipanda. Nikaandika mu groupe kama leo tunarudilia, na tukishindwa wachukue banc.

— Banc ya nani?

— Niliandika tu «banc».

— Toussaint. Ile banc nililetewa na baba ya watoto wangu kabla hajafa. Weye ulikuwa unafika hapa umepandishwa ku mugongo.

— Najua, mama. Lakini wametuhurumia. Wanasema hata tusishinde. Tumalize tu dakika tano za kwanza, hata mutu mumoja wetu akiwa hai, banc inabaki hapa.

— Dakika tano?

— Tano tu.

— Na jana mulifanya ngapi?

— Moja.

— Na segonde makumi tano na mbili, Sukari akaongeza, kwa kumusaidia.

Mama Agathe akaweka kifuniko ku birika.

— Saa tano ikifika, banc ikitoka, na nyinyi munatoka nayo. Hakuna mutu atakunywa kahawa yangu amesimama kama kuku. Muelewe vizuri.

Tukaelewa. Njo enquête, uchunguzi, ikaanza, maana muntu hawezi kupona ugonjwa wenye hajue jina.

— Nani alituua? GPS akauliza. Tusemezane ukweli. Minye nilitoa amri moja tu. Ndege ilifika kati ya kisanga, nikawaambia: «Chini.» Neno moja. Mutoto mudogo wa maternelle angeelewa.

— Chini gani? Maziwa akauliza. Maziwa ni Clovis, anashukishaka maziwa kutoka milima ya Mulenge kila juma mbili, muntu wa miguu, pole pole.

— Chini ni chini, bana. Juu ni ku mulima, chini ni ku ziwa. Hata kuku ya Uvira inajua. Ukiniambia «nipeleke kwa fulani, nyumba ya chini», nitakupeleka macho yamefungwa.

— Kumbe njo ile, Maziwa akasema. Minye nilianguka ku kichwa ya mulima. Kwetu juu, muntu akikuambia «chini» anataka kusema Uvira. Ni siku nzima ya kutembea. Nikakunja parachuti yangu vizuri, nikashika njia.

— Ulikunja parachuti?

— Nitaacha kitu ya wenyewe mu majani?

— Na ulikufa wapi?

— Mu kona ya tatu. Nilisimama kusalimia.

— Ulisalimia nani, Maziwa? Kule wote ni maadui.

— Alikuwa anapanda, minye nashuka, njia ni moja. Muntu hawezi kupishana na muntu ku mulima bila kumuuliza habari ya nyumbani. Nikasimama. Yeye hakusimama.

Sukari akacheka mupaka akashika mbao ya banc. Sukari ni Nkeshimana, muzaliwa wa plaine ya Ruzizi, alikomalia mu mashamba ya miwa.

— Weye unacheka, GPS akasema, na weye ulikufia wapi?

— Minye nilitii. Siye wa ku plaine, haina mulima, haina ziwa karibu. Chini ni kule Ruzizi inaenda. Nikatafuta muto. Nikaupata. Nikafuata maji.

— Ukafika wapi?

— Nilikuwa bado njiani.

— Na Diacre? Diacre, sema. Simu yangu ilionesha kama haukuruka hata. Ndege ilizunguka kisanga yote na weye ndani, mupaka ikakumwanga yenyewe mu maji ya mwisho kama muzigo haina mwenyewe.

Diacre akafuta jasho.

— Minye nilisikia masasi. Nikasikia na weye unasema «chini». Nikalala chini ya kitanda.

— Mu game kulikuwa kitanda?

— Hapana. Ku nyumba. Ku chumba yangu.

— Diacre, ulikuwa mu ndege.

— Weye ulisema chini. Hapa Uvira, ule anauliza kwanza chini gani, kesho hatuko naye. Nililala, na bibi yangu akalala, na mama mukwe mwenye alikuja kututembelea akalala. Tuliinuka saa kumi na mbili.

Hapo hata Mama Agathe alicheka, kidogo, na pembeni ya mudomo.

— Minye sielewe, akasema. Muntu wa Uvira ananunua mega ya internet na makuta yake ili asikie masasi? Nyinyi mulikosa masasi ya bure?

— Hii ni masasi ya amani, mama, Sukari akamuambia.

— Na GPS mwenyewe, nikauliza minye mwenye kuangalia tu, ulikufia wapi?

GPS akakuna kichwa.

— Minye nilienda chini ya kweli. Ku ziwa. Shida ni kama ile ni kisanga. Maji iko pande zote ine. Nikaenda huku, ziwa. Nikageuka, ziwa. Kila fasi ni chini. Nani alijenga inchi bila kuweka mulima upande moja? Watu wa kule wanaelekezana namna gani?

Alikuwa amekasirika kweli, kama muntu mwenye kuibiwa.

Tukiwa pale, moto moja, pikipiki, ikasimama. Juu yake muntu murefu, mupole, kamba ya mpira imezunguka shingo kama écharpe. Akatusalimia kila mutu mukono, akamuinamia Mama Agathe.

— Naitwa Basile. Natoka Kavimvira. Nimekuja kubeba banc.

— Match ni saa tano, GPS akasema. Sasa ni saa ine na nusu.

— Najua. Kapiteni wetu Nzeyimana aliniambia nikuje mapema, nipime kama itaenea ku moto. Na nikae témoin, shahidi, niangalie musiibe dakika. Musisumbuke, nitangojea.

Akatoa mètre mu mufuko, akaomba Diacre ainuke kidogo, akapima. Mita tatu na kumi. Akaandika ku mukono na bic. Kisha akaikalia, akaomba kahawa.

— Unakunywa kahawa yangu ku banc yangu na unataka kuiiba? Mama Agathe akamuuliza.

— Mama, minye ni transport tu.

Mama akamupatia. Muntu mwenye adabu hivi ni nguvu kumunyima.

GPS akatuita pembeni, ku ukuta wa jirani, fasi réseau ya simu inakamataka. Watu watano tukainamia simu moja.

— Tumebakia na dakika makumi mbili. Kuanzia leo hakuna juu, hakuna chini. Tutasema namna gani?

— Kuume na kushoto, Diacre akasema.

— Kushoto ya nani? Tunaanguka tumegeukia kila mutu fasi yake.

— Tufuate jua.

— Jua ya mu game haitembee. Nilichunguza.

Sukari akasogeza uso ku écran.

— Hapa juu iko maherufi. Munaona? Ukigeuka, inageuka. Hii N.

— Nord, kaskazini, Maziwa akasema. Njia ya Bukavu.

— Hii S.

— Sud. Baraka.

— Hii E.

— Est. Burundi. Basi imeisha, tumeokoka. Na ile ya ine ni O, Ouest, mangaribi.

— Hakuna O, Sukari akasema. Kuko W.

Wakaitazama ile W muda murefu.

— Hakuna neno ya Kifaransa inaanzaka na W, Diacre akasema.

— Wagon, Maziwa akasema.

— Treni haiko.

Kisha GPS akapiga paji ya uso.

— WC. Angalia, ni WC, C ndiyo imefutika. Hata ku hôtel zote wanaandikaka ku mulango. Wanaonesha upande wa vyoo, ili watu wasichafue kisanga.

Wakanigeukia minye, kwa sababu nilifikaka chuo kikuu, hata kama hatukuagana vizuri. Nilikuwa najua W ni nini. Nikatazama ile macho munane yenye imani. Nikasema ndiyo, ni WC, mu conventions za kimataifa.

— Muliona? GPS akasema. Basi plan ni hii. Tunaruka pamoja. Hakuna mutu kutafuta bunduki, hakuna kusalimia, hakuna kulala. Wote tunaenda WC, tunajificha, tunapumua dakika tano. Mukipotea, muangalie W. Imeeleweka?

— WC, wakajibu wote.

Saa tano kamili, wakaketi chini ku ukuta, mugongo ku mugongo, kila mutu na simu yake. Minye nikakamata chrono ya kuhesabu dakika. Mama Agathe akaacha birika, akakuja kusimama juu yetu na kijiko ya mbao mukononi. Basile akabaki ku banc na simu yake ku sikio. Akasema anaita nyumbani.

Ndege ikapita. GPS akasema «WC», na kwa mara ya kwanza tangu équipe ilizaliwa, watu ine wakaruka wakati moja. Parachuti ine, zote upande moja. Diacre alilia machozi.

— Dakika moja, nikasema.

Wakaanguka mu majani, wakakimbia. Na pale, ku mwisho kabisa ya kisanga, tukaona kijumba kimoja kidogo cha mabati, mulango moja, dirisha haiko.

— Si mulikuwa munabisha? GPS akasema. Iko pale. WC.

Minye nikafunga mudomo. Mungu anawachungaka watu wa namna hii kuliko wenye diplôme.

— Ingieni. Diacre kwanza.

— Niko ndani.

— Sukari.

— Niko ndani. Diacre, sogea, umenikanyaga.

— Maziwa, ingia.

— Nimeingia.

— Haujaingia, matako yako iko inje, ninaiona.

— Parachuti njo inakamata nafasi.

— Ulikuja nayo tena? Itupe.

— Siitupe.

Dakika mbili. Rekodi ilikuwa imevunjika na segonde munane, hakuna mutu alipiga makofi. Masasi zikaanza kulia mbali, kisha karibu kidogo. Watu wa Kavimvira walikuwa wanazunguka wanatutafuta. Diacre akaanza Baba Yetu, pole pole.

Njo minye nikasikia Basile kule ku banc. Alikuwa amefunika mudomo na mukono. Témoin kumbe alikuwa anawauzisha kwa adui.

— Wote wako WC, akasema ku simu… Ndiyo, wote ine… Mara moja, ndiyo… Hapana, hawako na bunduki, wameshikana tu… Wamejifungia… Mumoja anamuomba Mungu.

Akasikiliza. Uso yake ikabadilika kidogo.

— Kahawa? Ndiyo, wamekunywa… Sijue, vikombe viwili, tatu… Ya Mama Agathe… Hata minye nimekunywa, kwa nini?

— Anasema nini? GPS akaniuliza, macho ku écran.

— Anawaambia fasi muko.

— Tumekwisha, Sukari akasema.

Dakika tatu. Tukangojea mulango upigwe teke. Mama Agathe alikuwa amekamata kijiko na mikono miwili. Alikuwa haangalie simu, alikuwa anaangalia banc: ile mbao, miguu yake sita, na Basile amekwisha kupitisha kamba upande moja.

Na masasi zikanyamaza.

— Wanakuja kimya-kimya, Maziwa akanongona.

Dakika ine. Hakuna mutu. Ndege mumoja wa mu game, wa manyoya, akapita, akalia. Sukari akajaribu kuchungulia, GPS akamupiga kiwiko cha kweli, mu mbavu za kweli.

— Segonde kumi, nikasema. Tano. Tatu. Mbili. Imeisha.

Hawakuamini. Diacre akaniomba chrono, akaigeuza, akatazama hata mugongoni yake. Kisha GPS akainuka, akamukumbatia Mama Agathe na kijiko yake, na Sukari akaenda kufungua kamba ya Basile mwenyewe, kifundo kwa kifundo, akiimba.

Basile alikuwa amebaki mudomo wazi. Akaweka simu haut-parleur, kila mutu asikie.

— Kapiteni, dakika tano zimepita. Wako hai.

— Wote? Sauti ya Nzeyimana ikauliza.

— Wote ine. Lakini si nilikuambia fasi wako?

— Uliniambia, njo tumewangojea. Siye hatupigage muntu anaumwa tumbo. Tumeketi mu majani, tumeweka silaha pembeni. Wametoka ku WC? Wameimarika?

GPS akakaribia simu pole pole.

— Nzeyimana. Ile ilikuwa WC ya mu game.

— Mu game WC haiko.

— Iko. W.

— W ni Ouest, GPS. Ni kizungu ya wengine, ya Waingereza.

Équipe yote ikanigeukia. Nilikuwa nafunga kamba za kiatu.

— Bon, Nzeyimana akasema, neno ni neno, mumemaliza dakika tano, banc ni yenu, hatuwezi kurudi nyuma. Lakini kama ndugu nitawaambia: watu wazima ine wanakimbilia WC wakati moja, saa tano ya asubui, wanashikana mule ndani wanaomba Mungu. Ile kahawa muiache.

Sasa, haut-parleur ya Basile ni ya nguvu. Kwenye kona walikuwa wateja saba. Mama mumoja, Blandine wa ku couture, mushonaji, alikuwa ananyoosha kikombe yake ijazwe. Akairudisha ku kifua, akakumbuka kama aliacha fer ya kunyoosha manguo imewaka.

— Nani anaacha kahawa ya nani? Mama Agathe akauliza.

— Mama, hakuelewa, GPS akasema. Basile, muelezee.

— Nitamuelezea, Basile akasema, anapanda moto haraka. Nitamuelezea vizuri, mama.

Akaenda. Siye tukarudi ku banc, tukaikalia kwa heshima, tumejipanga kama siku ya ndoa. GPS akaomba kahawa ya watu tano. Mama Agathe akaimwanga bila kutuangalia. Alikuwa anahesabu wateja wenye kupita na kusalimia kutoka upande wa pili ya barabara.

— Watasahau, mama, Diacre akasema. Basile ni muntu ya adabu, ataeleza.

Kisha nusu saa Basile akarudi. Hakuzima hata moto. Akakabizi kila muchezaji sachet moja ya sérum oral, ile unga ya chumvi na sukari wanapatiaka wagonjwa wa tumbo, zote ine, na ya tano akaikamata yeye mwenyewe.

— Nilieleza, akasema. Wameelewa. Wanasema pole sana. Munachanganya na litre moja ya maji safi. Kavimvira yote imewakumbuka mu maombi.

Mama Agathe akatazama sachet moja, ya pili, ya tatu, ya ine. Akatazama barabara, fasi wateja walikuwa. Kisha akatuonesha na kijiko tuinuke. Tukainuka. Akashika banc upande moja, akamuambia Basile ashike upande ingine, na Basile, muntu wa transport, akashika. Wakaiingiza mu parcelle, kiwanja yake, mulango ukafungwa, tukasikia chuma ya kufunga inapita.

Tukabaki pale ku kona tumesimama, kila mutu na kikombe mukono moja, wale ine na sachet mukono ingine.

— Kusema ukweli, Maziwa akasema kisha muda, tumbo inaniuma kidogo.